Mrejesho: Panya ndiye wa kuhesabiwa, si seli

Ndugu wataalamu, mwezi Februari niliwauliza kutoka Kampala kwa nini jaribio langu la kometi, la kupima iwapo dondoo la mmea wa dawa linavunja DNA kwenye ini la panya, lilionyesha tofauti kubwa hata kwa dozi ndogo kabisa. Nawashukuru kwa dhati, maana kosa mliliona mara moja: nilizichukua seli 150 za kila panya kana kwamba kila moja ni sampuli huru, ilhali seli za panya mmoja hufanana, hivyo kundi la panya 5 likageuka kuwa la sampuli 750.

Niliposhika ushauri wenu, nikatafuta mediani (thamani ya katikati) ya asilimia ya DNA iliyo mkiani, yaani iliyovunjika na kuvutwa na umeme nje ya kiini cha seli kama mkia wa kometi, kwa kila slaidi, kisha wastani wa mediani hizo kwa kila panya, ndipo nikalinganisha makundi kwa kipimo cha Dunnett, kinacholinganisha kila dozi na kundi lisilopewa dawa. Tofauti ya dozi ndogo ilitoweka. Ya dozi kubwa ilibaki.

Ukubwa wa sampuli sikuufanikisha. Kwa jaribio la pili hesabu ya nguvu ya kitakwimu, yaani uwezo wa jaribio kugundua tofauti iliyopo kweli, ilidai panya 8 kwa kila kundi, nami nikamudu 6 tu, na mmoja wa dozi ya kati nikampoteza kwa sababu jeli inayoshikilia seli ilibanduka kwenye slaidi zake zote zilipokuwa katika kimiminika cha kuyeyushia utando wa seli. Dozi hiyo haikuonyesha tofauti ya kitakwimu, lakini kwa panya 5 sithubutu kuiita salama. Nimeripoti tofauti iliyokadiriwa pamoja na mipaka yake ya uhakika (kiwango cha chini na cha juu ambamo tofauti halisi huenda imo), na msimamizi wangu ameikubali.