Kipimo cha leza cha pangoni: nikikibiringisha, mwelekeo unahama digrii 6

FundiSimu_Malindi

Salaam jamani. Mimi hutengeneza simu hapa Malindi. Upande wa Watamu kuna pango la matumbawe ambalo vijana wanaotembeza wageni wameniomba niwachoree ramani. Kwa futi ya mkanda na dira ya mkononi ni kutambaa kutwa nzima na karatasi imelowa jasho, nikaona bora niunde changu. Ndani nimeweka moduli ya leza ya kupima umbali, sensa ya sumaku ya mihimili mitatu, sensa ya mwinamo, bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha kifaa) na betri moja ya duara ya 18650 niliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa. Kava ni kipande cha paipu ya maji ya plastiki.

Umbali uko sawa. Mwinamo pia, nimeulinganisha na pima maji ya fundi mwashi. Kinachonitesa ni mwelekeo. Naweka nukta ya leza kwenye alama ya chaki ukutani, nasoma. Nabiringisha kifaa kilalie ubavu, nukta palepale, nasoma tena: tofauti inafika digrii 6. Kwenye mita 10 hiyo ni mita nzima pembeni, wageni wataonekana kwenye ramani wanapenya mwamba! Sensa nimeikalibreti kama simu, kwa kuchora nane hewani.

Pili, programu inaniambia uga wa sumaku wa dunia umeinama digrii hasi ishirini na kitu. Mifano yote ya Ulaya ninayoiona ina chanya sitini na zaidi. Nimeiweka sensa kichwa chini au?

Maalim_Mkomani

Salaam mwanangu. Nianze na hilo la pili kwa sababu halina ugonjwa. Ikweta ya sumaku haipiti pamoja na ile ya ramani. Kwetu Afrika Mashariki iko juu zaidi, inapita Ethiopia, nje ya Kenya. Sisi wa Lamu na Malindi tuko kusini yake, kwa hivyo uga unatoka ardhini ukielekea juu, na hiyo hasi ni yako halali. Usiibadilishe alama ili ufanane na Mswisi. Tena umebahatika. Uga wetu kwa jumla ni dhaifu, kama maikrotesla 33 (kipimo cha nguvu ya uga) dhidi ya 48 za Uswisi, lakini wao uga unawazamia chini, sehemu ya mlalo inayobaki ni 20 na kidogo. Sisi tunabaki na karibu 30. Kaskazini inatafutwa kwa hiyo ya mlalo, basi kosa dogo la mwinamo kwako halina madhara makubwa kama kwao.

Sasa digrii 6. Nane ya hewani inaitosha simu, kwa sababu simu haina leza. Ile nane inaondoa sumaku ya ziada iliyo ndani ya kifaa, haijui kabisa leza inaelekea wapi. Wewe uliziunganisha sensa zako mbili kwa mkono na risasi ya kulehemu. Haziko sambamba, na wala haziko sambamba na leza. Ukikibiringisha, upogo huo unazunguka nao.

Dawa aliitoa Beat Heeb wa Uswisi, yule aliyetengeneza bodi ya DistoX ya kubandikwa ndani ya kipimo cha leza cha Leica. Unapiga leza pande 14: sita kama nyuso za sanduku na nane kama pembe zake. Kila upande unapiga mara nne, ukikibiringisha robo mzunguko kila mara. Jumla 56. Utamu wake ni kwamba huhitaji kujua kaskazini halisi iko wapi. Hesabu inahitaji tu uhakika kwamba zile nne zimelenga sehemu moja, halafu inatafuta namba 24, kumi na mbili za kila sensa, zitakazozifanya zile nne zikubaliane. Ukibaki na kosa la nusu digrii, hicho ni kifaa cha kazi.

Lakini kabla ya hapo toa hiyo 18650. Kopo lake ni la chuma, na ndani ya paipu nina hakika inacheza. Chuma kisichosogea hesabu inakimeza, kinachosogea hakina dawa. Wewe umekalia lundo la betri bapa za simu, mbona wahangaika? Chukua moja nzima, isiyovimba, igandishe kwa gamu mbali na sensa uwezavyo. Vile vijikaratasi vyake vya nikeli navyo huvutwa na sumaku, kwa hivyo ukibadilisha betri unakalibreti upya. Skrubu ziwe za shaba au nailoni. Zile zinazouzwa kama hazishiki kutu, baadhi hushika sumaku. Zijaribu kwa sumaku ya spika, ila iache sumaku hiyo chumba kingine.

Kuna kitu ambacho wengi hawakitazamii: waya. Leza ikila miliampea 100 kwenye waya ulio sentimita 2 kutoka kwenye sensa, waya huo peke yake unazaa maikrotesla 1. Juu ya 30 zetu, hizo ni karibu digrii 2. Sokota waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, na programu isome sumaku leza ikiwa imezimwa.

Usikalibreti dukani kwako kwenye mabati na nondo. Huku kwetu ningekuweka ndani ya nyumba ya kale ya mawe, chokaa na boriti, haina nondo hata moja. Wewe nenda mlangoni pa pango lenyewe. Matumbawe hayana sumaku.

MpimaMstaafu

Nimeshika mnyororo wa wapimaji ardhi miaka mingi, leza zenu sizijui. Ila jaribio letu halijazeeka: piga kutoka A kwenda B, kisha simama B upige A. Zisipotofautiana digrii 180 kamili, usiendelee mbele. Na ukiweza rudi kwa njia nyingine mpaka ulipoanzia. Namba zikikurudisha mahali pengine, umeona kosa lako kwa macho.

BintiWaGede

Kaka, ukiingia kwenye popo vaa barakoa, kinyesi chao kikavu kina kuvu wa kuingia mapafuni. Pango la Kitum kule Mlima Elgon lilihusishwa na watu wawili waliougua Marburg, homa hatari ya virusi, 1980 na 1987. Chumba wanachozaa kiache. Ukiona vigae au mifupa usiguse, sheria ya turathi ya 2006 inavilinda, na usidhani ni porojo: Panga ya Saidi, humuhumu Kilifi, ndiko lilikopatikana kaburi la mtoto la miaka kama 78,000. Na wazee wa hapo umewauliza? Mapango mengine ni ya tambiko. Mimi nisingeweka GPS ya mlango mtandaoni hata wangeniruhusu.

FundiSimu_Malindi

Shikamoo Maalim, shikamoo Mzee. Dada, mzee wa pale tumekaa naye na ametuonyesha chumba cha kutoingia.

Betri bapa imekaa, waya nimesokota, 56 nimezipiga pale mlangoni. Pande karibu zote zimeshuka chini ya nusu digrii na A kwenda B inarudi vizuri. Nimeanza kutuma namba kwenye TopoDroid, programu ya simu ya kuchora mapango, kwa Bluetooth. Nikipiga mara tatu na zikakubaliana inazihesabu kuwa mguu wa ramani, yaani mstari wa kituo hadi kituo, mpigo mmoja mmoja inauchukua kuwa ukuta. Lakini mipigo ya kwenda juu, darini mwa pango, inapotoka digrii 3 hadi 4. Ya chini iko sawa.

Maalim_Mkomani

Marahaba. Ukilenga juu, kifaa unakishika wapi?

FundiSimu_Malindi

Usoni, ili nione nukta.

Maalim_Mkomani

Na taa ya kichwa umeivaa, betri zake za chuma ziko kwenye paji la uso. Ivue, mpe mwenzako akumulikie kutoka nyuma, kisha zipige upya zile za juu tu. Kalibresheni usiiguse.