Usaili wa ualimu wa Kiingereza: kujisomea, darasa la kulipia, kundi au kujitolea shuleni?

Mhitimu wa Buzuruga

Salamu kwenu walimu. Nina shahada ya elimu katika masomo ya Kiingereza na Historia, na kwa sasa ninaishi Buzuruga, Mwanza, kwa shangazi yangu nikisubiri tangazo lijalo la ajira. Zamani mhitimu aliomba, akapangiwa kituo, akaripoti. Sasa tunapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tunafanya mtihani wa kuandika wa mchujo, na wanaopenya ndio wanaoitwa kwenye mahojiano. Nimewekewa mbele njia nne: kujisomea mwenyewe, kulipia darasa la maandalizi hapa mjini, kujiunga na kundi la wasailiwa wenzangu, au kujitolea kufundisha katika shule ya sekondari ya kata. Mfukoni nina shilingi 150,000 ambazo sitaki zipotee bure, kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kupita huko.

Dada wa Igoma

Mimi nililipia darasa, shilingi 80,000 kwa wiki tatu, na jina la mahali hapo nitalihifadhi. Tulipewa kitini cha maswali yaliyokusanywa kutoka kwa wasailiwa wa nyuma, pamoja na majibu ya kukariri, ambayo baadhi yake yalikuwa na makosa ya sarufi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeyaona. Hata hivyo nitasema haki: kila Ijumaa tulikaa mtihani kwa saa maalumu, simu zikiwa nje, na zoezi hilo lilinifundisha kutolala kwenye swali moja. Ukiweza kupata saa ya ukutani na mtu mkali wa kukusimamia, utakuwa umepata sehemu iliyo bora ya darasa hilo bila kutoa senti.

Mstaafu wa Pasiansi

Mwanangu wa Buzuruga, nimefundisha Kiingereza kwa zaidi ya miaka 30, na ninaomba nikueleze kwa nini ninaegemea upande wa kujitolea, ingawa najua hakulipi.

Wasailiwa wengi hujiandaa kana kwamba wanaenda kupimwa kama wanakijua Kiingereza, ilhali mwajiri anatafuta mtu anayejua kukifundisha kwa mtoto aliyekulia Kisukuma na Kiswahili. Chukua mfano huu: mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaandika "My mother, he is a farmer." Msailiwa aliyekariri atasema kwamba mwanafunzi hajui viwakilishi, kisha ataishia hapo. Aliyesimama darasani ataeleza kwamba "yeye" wa Kiswahili hatofautishi mwanamke na mwanamume, kwa hiyo mtoto si mzembe bali amehamisha mazoea ya lugha yake. Kisha ataonyesha zoezi la picha za familia ambalo litamlazimisha mtoto kuchagua kiwakilishi mara ishirini ndani ya dakika kumi.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi, maana hata walimu huteleza hapo. Muulize mwenzako kwa Kiswahili, "Hujala?" Kama hajala atakujibu, "Ndiyo, sijala," kwa kuwa anakubaliana na ulichosema. Kwa Kiingereza jibu la hali hiyohiyo huanza na "No." Mwalimu asiyeliona hilo atamkosoa mwanafunzi kila siku pasipo kumweleza sababu. Vivyo hivyo kwenye matamshi: Kiswahili kina irabu tano, na urefu wa irabu ndani ya neno si jambo tunalolizingatia kama Waingereza, ndiyo maana "ship" na "sheep" hutoka kinywani mwa watoto wetu kama neno moja. (Mchanganyo wa "l" na "r" sitausema sana, kwa sababu mimi mwenyewe ni Msukuma na wajukuu wangu hunicheka.)

Mambo haya huyapati kwenye kitini. Unayapata ukiwa na chaki mkononi, ukiandaa azimio la kazi (mpango wa kufundisha wa muhula) na andalio la somo (mpango wa kipindi kimoja) ambavyo mwalimu wa taaluma atavikagua na kukurudishia vikiwa na wino mwekundu.

Kijana wa Nansio

Shikamoo, mzee wetu. Ninaheshimu maneno yako, lakini naomba nitofautiane nawe kidogo. Nilijitolea mwaka mzima hapa Ukerewe na kwa kuwa walimu ni wachache nilipewa vipindi 28 kwa wiki. Jioni nilikuwa natazama madaftari ya kusahihisha badala ya kusoma, na kwenye mchujo nikaangushwa na maswali ya taaluma ya ualimu ambayo darasani sikuwahi kuyahitaji. Nilijua kufundisha, ila sikuweza kutofautisha tathmini endelevu (ya wakati somo linaendelea) na tathmini tamati (ya mwisho wa masomo) kwa maneno yanayokubalika, wala sikukumbuka kwamba kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimia kwa maandishi.

Awamu ya pili nilijisomea. Nilichukua mihtasari mipya ya masomo ya mwaka 2023 ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nikasoma Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya mwaka 2015 pamoja na maadili ya mwalimu, na nikayarudia madaftari yangu ya saikolojia ya elimu. Mchujo nilipita. Kwa hiyo, kaka, ukijitolea, omba vipindi vichache na uwe na msimamo, maana mkuu wa shule aliyezidiwa hatakuonea huruma.

Mama Nyegezi

Kundi halijatetewa na mtu. Sisi tulikuwa watano, tulikutana maktaba ya mkoa, na kila mmoja alifundisha somo la dakika 15 huku wengine wakijifanya wanafunzi wagumu, kisha tukamsaili kwa zamu. Kwa mahojiano sijaona njia inayofikia hiyo. Kwa mchujo, kundi letu lilikuwa soga.

Pia kagua nyaraka zako leo hii. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, maandalizi yote hayatakusaidia mlangoni.

Dada wa Igoma

Mama Nyegezi amenikumbusha jambo: anayefaulu usaili akakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata, yaani orodha ya akiba ya Sekretarieti, na anaweza kupangiwa kazi baadaye, kwa hiyo alama moja zaidi ina thamani hata kama nafasi zilizotangazwa ni chache.

Mhitimu wa Buzuruga

Nawashukuru sana, na kwako mzee, shikamoo. Darasa la kulipia nimeliacha. Kesho nitakwenda katika shule iliyo karibu kuomba vipindi visivyozidi kumi kwa wiki, vyote vya asubuhi, na mchana niutoe kwa mihtasari na sheria alizozitaja kaka wa Nansio. Fedha yangu itatoka kwa nauli na kuchapisha mihtasari tu. Cheti changu cha kuzaliwa nimekitazama baada ya kusoma hapa: jina la kati lina herufi moja isiyofanana na ile ya cheti cha kidato cha nne. Mama Nyegezi, naomba unieleze ulianzia ofisi gani.

Mama Nyegezi

Anza kwa wakili, uulize kuhusu hati ya kubadili jina, na uende na vyeti halisi. Jumamosi saa nne tupo maktaba. Njoo na somo lako la dakika 15.