Naomba ushauri: nichunguze hali gani ya maada kwa kompyuta ya kwanta?

Habari zenu wakuu. Nasoma fizikia, na kilichoniteka ni hali za maada zenye mpangilio wa kitopolojia, zile ambazo huwezi kuzitambua kwa kutazama chembe moja moja kwa sababu siri yake imetawanyika katika mfumo mzima. Mwaka 2021 watafiti wa Google waliunda hali ya aina hiyo, ya modeli ya mwanafizikia Kitaev (iitwayo "toric code"), kwa kubiti 31, yaani vipande 31 vya msingi vya taarifa vya kompyuta ya kwanta. Nami nimeijenga kwa kubiti chache kwenye programu ya kuiga, nikaizungusha enioni moja (kitu kama chembe kinachojitokeza ndani ya hali hiyo) kuizunguka nyingine, na alama ya wimbi ikageuka kutoka chanya kuwa hasi. Nilifurahi mno!

Sasa nimekwama. Sakiti hiyo ina milango ya Clifford tu (kundi maalumu la operesheni za kwanta), na kompyuta ya kawaida huiiga bila taabu hata kubiti zikiwa maelfu. Je, nihamie kwenye enioni zisizo za Abel (ambazo mfuatano wa kuzizungusha hubadili matokeo), au mienendo ya mifumo iliyo nje ya msawazo? Na kelele za mashine nitazitofautishaje na fizikia yenyewe? Hili la kelele ndilo linaloninyima usingizi. Aliyepita njia hii anielekeze tafadhali, hata kwa sentensi mbili.