Themostati za ratiba zinatuumiza kwa bili, halafu lawama tunabebeshwa wapangaji

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaoishi Marekani katika nyumba za kupanga, naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu jambo hili linatugharimu wengi na tumelinyamazia mno.

Ninaishi Louisville, Kentucky, ambako wakati wa baridi bili ya umeme ndiyo huamua familia ibakiwe na nini baada ya kulipa kodi. Ukutani sebuleni tulikuta themostati ya kupangia ratiba, yaani kifaa cha kudhibiti joto la nyumba kwa saa ulizopanga, bila kijitabu cha maelekezo wala mtu wa kutuonyesha inavyotumika. Kifaa hiki huigawa siku katika vipindi vinne, yaani kuamka, kuondoka, kurudi na kulala, na kila kipindi hudai saa yake, kiwango chake cha kupasha joto na kiwango chake cha kupoza. Ukipanga siku zote saba za wiki kila moja peke yake, unatakiwa kuingiza namba 84 kwa vitufe vichache, kwenye skrini ndogo inayokurudisha mwanzo ukisita kidogo. Ni nani aliyeona kwamba hiyo ni kazi ya kumpa mtu aliyetoka kazini hoi?

Tena ratiba iliyomo tangu kiwandani imetungwa kwa ajili ya mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Katika jiji hili vifurushi vinavyosafirishwa kwa ndege huchambuliwa usiku kucha, na wengi wetu tumo katika zamu hiyo. Saa nne asubuhi mtu amelala, watoto wako nyumbani na bibi yao, lakini kifaa kinaamini nyumba ni tupu na kinashusha joto hadi nyuzi 62 za Fahrenheit, takriban 17 za Selsiasi. Ukibonyeza mshale kupandisha hadi 70, unadhani umemaliza, kumbe agizo lako ni la muda tu, kwani kipindi kinachofuata kikifika ratiba inashika tena hatamu. Ili lidumu ni lazima ubonyeze kitufe cha HOLD (shikilia), na ukishabonyeza, ratiba nzima inasimama, na kifaa kilichosifiwa kwa kubana matumizi kinabaki kuwa swichi ya kawaida.

Kinachonikasirisha zaidi ni mtambo wenyewe. Nyumba yetu hupashwa joto na pampu inayovuta joto kutoka hewa ya nje, si tanuru la gesi. Ushauri tunaopewa kila mahali ni kushusha joto nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa 8 kila siku ili kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka, na kwa mwenye tanuru ni ushauri mzuri. Kwa mwenye pampu mambo ni tofauti: ukishusha sana kisha ukapandisha kwa mkupuo, themostati isiyojua kupandisha polepole huwasha koili za ziada za umeme, yaani nyaya zinazopata moto kama za jiko la umeme, ambazo hula umeme mwingi kuliko pampu kwa joto lile lile, na akiba ya usiku inapotea alfajiri. Idara ya Nishati ya Marekani imelitolea tahadhari jambo hilo. Hata hivyo mipangilio inayoamua koili ziwake lini imo katika menyu ya fundi, ambayo ofisi ya nyumba imeifunga kwa namba ya siri, na tulipolalamikia bili tulijibiwa kwamba wapangaji hatujui kutumia vifaa vya kisasa.

Jibu hilo silikubali hata kidogo. Mwishoni mwa 2009 serikali ya Marekani iliondoa alama ya Energy Star, ile inayotambulisha vifaa vinavyobana nishati, kwenye themostati za ratiba, kwa kuwa akiba iliyotarajiwa haikuonekana majumbani. Ikiwa hata wenyeji waliokua na Kiingereza walishindwa kuzipanga, kwa haki gani anaambiwa mama aliyefika juzi kutoka Bukavu kwamba tatizo ni yeye?

Ninachodai ni kwamba, kabla ya baridi kuanza, fundi aje akague mipangilio ya koili mbele ya mpangaji, atuachie maelekezo yanayosomeka, na menyu isifungwe dhidi ya anayelipa bili. Kama kuna aliyefanikiwa kuilazimisha ofisi ya nyumba yake kufanya hivyo, aeleze hapa aliandika barua ya namna gani na aliipeleka kwa nani, maana yangu ninaiandika wiki hii.