Timu ya kwenu uliirithi kwa nani? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Ngamiani
Wakuu, salaam. Simba na Yanga zina nyuzi zao za kutosha, leo tuongelee ile timu ambayo hukuichagua, ulizaliwa ukamkuta mzee tayari yumo.

Mimi ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Mzee alikuwa kuli bandarini Tanga. Siku ya mechi akitoka kazini anaoga, anavaa shati lake jekundu, tunakwenda Mkwakwani kwa miguu. Njiani haongei. Ukimuuliza kitu anajibu "tutaona", hata kama umeuliza habari ya ada ya shule. Mwaka 1988 tulipochukua ubingwa wa Bara, mama alipika pilau katikati ya wiki, na jirani yetu wa African Sports akaja kula amenuna. Alikula lakini, sahani mbili.

Ubingwa mwingine wa ligi hatujauona. Mwaka 2016 Coastal, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za mkoa wetu, zilishuka daraja kwa mpigo. Mzee alifariki kabla hatujarudi ligi kuu 2018. Tulipopata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2024, kaka alinipigia simu kutoka Muheza. Hatukuongea la maana, tulicheka tu, kisha akaniuliza kama lile shati ninalo mimi au limebaki kwa shangazi. Liko kwa shangazi, na kutoa hatoi.

Kwa hiyo msinishauri nihamie Kariakoo kwa Simba na Yanga. Karibuni.

Betri Juani
Mkuu umenikumbusha mbali. Sisi wa Rungwe ni Tukuyu Stars, Banyambala, mabingwa 1986. Aliyenirithisha ni bibi, ambaye uwanjani hakuwahi kukanyaga. Yeye na redio. Kukiwa na mechi, asubuhi anatoa betri anazianika juani juu ya ungo ili jioni zifike dakika ya tisini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani, lakini sauti ya mtangazaji wa mpira, Ahmed Jongo, aliifahamu: ikipanda anaacha kupepeta, ikishuka anaendelea. Matokeo anayajua kabla yetu.

Nusu kwa Nusu
Kwetu baba Yanga, mama Simba. Novemba 5, 2023, zile 5-1 Yanga walizoifunga Simba, mama alizima simu.

Mgosi wa Ngamiani
Nusu kwa Nusu, nimesema hao wana nyuzi zao. Ila mpe mama pole.

Mwana Lushi
Jambo bandugu. Miye niko wa Lubumbashi. Kwetu ni Mazembe ao Lupopo, chagua. Papa alifanya kazi ku reli, basi nyumba nzima Lupopo, timu ya watu wa reli. Halafu ikaja Desemba 2010: Mazembe wakapiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, wakaingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kipa wao Kidiaba anaruka-ruka kwa makalio, mji mzima uko barabarani. Papa naye akatoka, anasema anaenda kununua sigara. Papa havuti sigara! Inter ya Italia walipowachapa Mazembe tatu kwenye fainali, akarudia kuwa Lupopo wa kweli.

Sitaki Presha
Naomba kutofautiana. Wanangu sijawarithisha timu yoyote. Timu haijui hata kama mzee wako alikuwepo duniani, wewe unamlilia nani?

Wa Mwanza, Chicago
Sitaki Presha, nikujibu kwa mchezo wa watu. Mimi kwa asili ni Pamba, TP Lindanda, lakini nimeoa Chicago na wakwe zangu wote ni Cubs, timu ya besiboli ya upande wa kaskazini. (Kusini wana White Sox. Ukiwataja mezani kwa baba mkwe, nyama inakupita.) Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908. Baba wa baba mkwe wangu alizaliwa 1915, akaishi, akazeeka, akafa, bado.

2016 wakafika mechi ya saba ya fainali, ya kuamua, huko Cleveland. 6-6, na kabla ya muda wa nyongeza mvua ikasimamisha mchezo. Baba mkwe akatoka akakaa kwenye gari. Wakashinda 8-7. Siku zilizofuata watu walijaa kwenye kuta za matofali za uwanja wao, Wrigley Field, wakiandika kwa chaki majina ya wazazi na mababu waliokufa wakingoja. Baba mkwe aliandika la baba yake, na pembeni akaongeza matokeo. Timu haikumjua, sawa. Lakini sikuona mtu pale aliyekuja kwa ajili ya timu tu.

Mwanangu sasa ni Cubs kabisa. Pamba waliporudi ligi kuu 2024 nikamwonyesha mechi kwenye simu, akauliza kwa nini mchezo unakwenda bila kusimama.

Sitaki Presha
Hiyo ya chaki nimeielewa. Presha bado sitaki.

Mtoto wa Kuze
Na timu ikipotea je? Babu yangu Mombasa alikuwa Feisal, mabingwa wa Kenya 1965. Leo ukiwatajia vijana wa hapa Feisal wanadhani ni jina la mtu. Nikaingia Bandari, nikidhani babu atafurahi angalau ni ya mji huu huu. Wapi! Bandari ikifungwa ananipigia simu kunipa pole, na kila mara anaanza: "Sisi mwaka sitini na tano..."