Naomba ushauri: nyasi bandia kwenye udongo mweusi wa mbuga, Shinyanga

Wakuu, habari zenu. Nataka kuweka nyasi bandia uani, mita 6 kwa 8, watoto wapate pa kuchezea. Shida ni udongo wenyewe, ule mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba na kunata, maji yanatuama; kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Fundi anataka amwage mchanga juu, atandike, amalize. Mimi sikubaliani naye: mchanga utazama nyufani na nyasi zitafanya mabonde. Nafikiria kuchimba sentimita 20, nitandaze kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto, kisha kokoto na vumbi lake vishindiliwe barabara, na mteremko kidogo kuelekea mtaroni. Aliyefanya kwenye udongo kama huu, sentimita 20 zinatosha au nishuke zaidi?

Halafu joto. Plastiki ikipigwa na jua la saa nane inachoma, na wanangu hawavai viatu uani. Mwarobaini unatia kivuli upande mmoja tu. Nifunge neti ya kivuli, au nipunguze eneo tubaki chini ya mti? Mama watoto anapendelea mti, ila nahofia mizizi itainua kokoto.