Fundi kalipwa abadilishe kapasita ZOTE, kaacha zile zinazoua vali!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Amplifaya yangu ya vali (zile taa za kioo za zamani), EL84 mbili za kusukuma spika na rektifaya EZ81 (vali inayogeuza AC kuwa DC), ilikuwa inavuma. Fundi akasema kapasita (zile zinazotunza chaji) zimekauka, anabadilisha zote. Nikalipa. Imerudi, mvumo kweli umeisha. Siku chache tu, naona anodi (bati la ndani) ya EL84 moja imewiva nyekundu kama kaa la moto. Nilikimbilia swichi!

Nafungua chini, nakuta kabadilisha zile kubwa za pawa tu. Zile za karatasi na nta, zinazopitisha sauti kwenda gridi (mlango unaoongoza umeme wa vali) za EL84, ziko vilevile, nta imechuruzika mpaka kwenye chasi. Nikachomoa vali, nikawasha, nikapima gridi kwenye soketi: volti 6 za DC. Hapo panatakiwa pasome sifuri! Kapasita ikivujisha DC, volti ya gridi inapanda, vali inavuta umeme kupita kiasi, na ukichelewa kuzima inaondoka na transfoma ya spika. Vali utanunua nyingine. Hiyo transfoma utaitoa wapi?

Nampigia, ananijibu: "Nilizipima na mita bosi, nzima. Halafu hizo ndizo zenye ladha ya zamani." Ladha gani, ya vali kuungua? Mita ya kawaida inapima kwa volti chache, wakati kazini kapasita ile inabeba volti 200 na zaidi. Kuvuja kunaonekana huko. Tena inayovuja mara nyingi mita inaisoma zaidi ya ilivyoandikwa, fundi anafurahi!

Na hata hizo alizobadilisha, ya kwanza baada ya EZ81 kaweka mikrofaradi 220. Mwisho wa EZ81 ni 50! Kila ukiwasha, rektifaya inalazimika kujaza hilo pipa. Eti kubwa ndiyo bora.

Kapasita za maika sina ugomvi nazo, hizo huwa hazisumbui, aziache. Lakini za karatasi haziulizwi, zinatolewa.

Sasa anataka hela ya "kumalizia". Kumalizia nini, si nililipia zote?

Nimeagiza kapasita za filamu (plastiki) za volti 630, nafunga mwenyewe (na ndiyo, natoa chaji kwanza kabla ya kuingiza mkono, msianze). Mwenye uzoefu aniambie: EL84 iliyowiva mara moja vile bado ya kuaminika, au nitupe zote mbili?